Je, Waijua Thrombini?

Mwenye kukuna nazi, meno ya mbuzi yakimkwaruza kidole, huiona damu ikichuruzika nyepesi, kisha baada ya dakika chache ikawa nzito, ikashikamana, ikaziba; naye hufuta mkono akaendelea na kazi yake, asitanabahi kwamba amekwisha kuhudumiwa na fundi stadi aitwaye thrombini. Kimeng'enya hiki hutoka inini, ambako hutengenezwa kwa msaada wa vitamini K, na husafiri ndani ya damu kikiwa kimelala, kwa jina la prothrombini, hata jeraha likiamshe. Kikiamka, huikata protini iitwayo fibrinojeni, na vilivyokatwa vikajisuka nyuzi za fibrini, nyavu zinazonasa chembe za damu kama jarife linasavyo papa.

Basi kazi hii, ambayo kidoleni ni rehema tupu, ubongoni ina taathira nyingine kabisa. Humo zimo seli za ulinzi ziitwazo maikroglia, alizozipambanua Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919, baada ya kuzitia rangi kwa chumvi ya fedha: viwiliwili vidogo vyenye mikono myembamba iliyogawanyika matawi kwa matawi. Mwaka 2005 wataalamu waliochungulia kwa hadubini ubongo wa panya aliye hai walishuhudia kuwa mikono ile haitulii kamwe, hunyooka na kurudi, ikipapasa huku na huku kama vidole vya mtu aliye gizani. Na mshipa mdogo ulipotobolewa kwa mwali wa leza, yote iliyokuwa karibu ikaelekea pale pale kwa dakika chache.

Kuta za mishipa ya ubongo hubana sana, hata thrombini haipenyi ila zikiharibika, kama itokeavyo mtu akipatwa na kiharusi cha kuvuja damu. Ikishapenya, hukutana, juu ya maikroglia, na kipokezi kiitwacho PAR-1, kilichotambuliwa mwaka 1991 na Shaun Coughlin na wenzake huko San Francisco. Hapa ndipo penye ajabu inayonivutia mimi kuliko zote: kufuli hii haingoji ufunguo wa mgeni, kwani ina mkia wake wenyewe, na thrombini ikiukata ncha, ncha mpya iliyobaki hujikunja ikajichoma katika mwili wa kipokezi kile kile na kukifungua. Mkato huo hauungiki tena. Hapo maikroglia hunenepa, huikunja mikono yake, na kumwaga kemikali kali zilizokusudiwa vijidudu. Ilhali kijidudu hakuna, na zinazoungua ni neva za jirani. Huo ndio mchochota.

Kuizuia damu isigande, ili kuutuliza mchochota huo, si dawa nyepesi, maana mtu ambaye damu yake haigandi aweza kufa kwa kuvuja damu. Ndiyo maana nalistahi sana jaribio lililotangazwa mwaka 2007 na Katerina Akassoglou na wenzake, ambao, wakijua kuwa fibrini nayo huichokoza maikroglia kwa kushika kipokezi kingine, walitumia panya waliobadilishwa sehemu ndogo tu ya fibrinojeni yao, ile ishikayo kipokezi hicho. Panya hao walipotiwa maradhi yafananayo na yale yanayokula ala ya neva za binadamu, maikroglia zao hazikuwaka kama za wenzao, kupooza kwao kukawa hafifu, na damu yao ilikuwa ingali ikiganda kama kawaida.