Je, Wajua? Tiara ya nyuzi mbili iliwahi kuzoeza wapiga mizinga

Je, wajua kwamba tiara ya kupiga pindu angani iliwahi kuwa chombo cha kijeshi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mmarekani Paul Garber aliliundia jeshi la majini la nchi yake tiara ya nyuzi mbili, yenye usukani na picha ya ndege ya adui. Ilichezeshwa angani huku wapiga mizinga wakijaribu kuitungua. Mwaka 1972 Mwingereza Peter Powell akaleta ya kwake, na ikawa mchezo wa watoto.

Siri ya kuiendesha ni ndogo. Vuta uzi wa kulia, inageuka kulia. Wa kushoto, kushoto. Sawazisha mikono, inanyooka. Anayeanza huvuta kwa nguvu mno, tiara ikachimba mchanga kwa pua. Ikizunguka, nyuzi hujisokota, na wengi hudhani mambo yameharibika. La! Nyuzi laini huteleza, hivyo tiara huendelea kutii hata baada ya mizunguko kadhaa. Izungushe upande wa pili, zitajisokotoa zenyewe.

Mtoto mpe tiara ndogo na upepo wa wastani, kisha usimame nyuma yake. Usimshike mikono, mwache aiangushe mara kadhaa. Nyuzi zisipolingana urefu, tiara hukimbilia upande mmoja, basi zipimeni kwanza. Uzi uliokaza hukata ngozi, kwa hiyo watazamaji wakae mbali. Na mkiona nyaya za umeme au wingu la radi, kunjeni tiara mrudi nyumbani.