Dawa ya Ebola: Nani Alilipa, Nani Alipewa Tuzo?

[MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA]

Ukisikia mwanasayansi amepewa tuzo ya mamilioni, huenda unajiuliza: pesa hizo ni za nini, na sisi zinatufaa nini? Leo tumtazame Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Congo.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliwaua watu Yambuku, kaskazini mwa Congo. Muyembe alikuwa kati ya madaktari wa kwanza kufika. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, kwa kuwa hazikuwepo. Sampuli kutoka huko zilipelekwa Ubelgiji, na virusi vya Ebola vikagunduliwa.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit. Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wagonjwa 7 waliishi. Wazo lao lilikuwa kwamba damu ya aliyepona ina kingamwili, yaani askari wa mwili wanaomjua adui tayari. Lakini wataalamu wengi hawakuridhika. Wagonjwa 8 ni wachache, na hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha nao.

Hapo ndipo ufadhili unapohitajika. Kwa fedha za serikali ya Marekani, watafiti walioshirikiana na Muyembe walichukua damu ya mtu aliyepona Kikwit, wakatenga kingamwili moja, wakatengeneza dawa iitwayo mAb114. Kuanzia Novemba 2018 ilijaribiwa pamoja na dawa nyingine 3 huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 walishiriki. Kwa waliopewa mAb114, walifariki kama 35 katika kila 100. Kwa waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, walifariki karibu 50. Agosti 2019 ikatangazwa kwamba dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zinaokoa zaidi.

Mwezi huohuo Japani ilimpa Muyembe Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi upande wa utafiti, yen milioni 100. Upande wa huduma za afya alipewa Profesa Francis Omaswa wa Uganda, kiasi hichohicho.

Msikilizaji, tofauti ni hii: tuzo hushukuru kazi iliyokwisha kufanyika, na hiyo ilifika miaka 43 baada ya Yambuku. Ufadhili hutangulia, wakati hakuna ajuaye kama kazi itafaulu. Bila ufadhili, wazo la Kikwit lingebaki daftarini. Na bado unahitajika, maana dawa hizi ni za Ebola aina ya Zaire. Aina ya Sudan haijapata yake.

Wapo wanaosema Ebola ni biashara ya wakubwa. Lakini dawa hii ilitoka katika damu ya Mkongomani aliyepona, na ikathibitishwa na wagonjwa waliokubali kujaribiwa. Hao hawakupewa tuzo. Walituachia somo: waliofika kituoni mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, walipona wengi zaidi.

Kwa hiyo ukiona dalili kwako au kwa jirani, usingoje. Nenda kituo cha afya.

[MUZIKI UNAPANDA]