Miti ya Unyamwezi katika Picha za Grant

Picha ya kale ya Unyamwezi isomwe kuanzia kwenye miti. Wengi wetu hukimbilia mikuki, mizigo na nguo za wapagazi, tukauacha msitu nyuma kama pazia, ilhali msitu ndio unaotaja mwezi wa mwaka ambao picha ilichorwa.

James Augustus Grant, Mskoti aliyesafiri na John Hanning Speke, alifika Kazeh, Tabora ya leo, Januari 1861. Alichora kwa rangi za maji, na alikusanya mimea kwa bidii hiyohiyo. Mimea yake ilitangazwa na Linnean Society ya London kuanzia 1872. Michoro iko Maktaba ya Taifa ya Scotland. Huyu aliujua mti anaouchora.

Pita Ntalikwa, huko Tabora, mwishoni mwa Septemba, mvua haijanyesha. Miti ya mtundu imechipua. Shika tawi moja: vijani vimelegea, laini, vyekundu kama shaba iliyosuguliwa. Mgeni atasema msitu umechanua. La, hayo ni majani machanga, na wekundu wake huyakinga na jua kali hadi yakomae. Maua ya mtundu ni madogo, ya kijani hafifu. Nyuki huyajua, na asali ya Tabora ni shahidi. Mninga ndio unaochanua waziwazi, manjano matupu, kwa wiki mbili tatu hivi.

Mwezi huo wa picha una uzito, kwa sababu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara zaidi wakati wa kiangazi, na masika wengi walirudi kulima. Speke na Grant walihangaika kupata wapagazi pale Kazeh: mvua zilikuwa zikinyesha, na vita vya mtemi Manwa Sera vilikuwa vikiendelea. Kwa hiyo watu walio chini ya majani mekundu wana habari tofauti na walio chini ya kijani kibichi.

Lakini picha zilizoenea ni chapa za mbao za kitabu cha Speke cha 1863, ambazo Johann Baptist Zwecker alizichora London akifuata michoro ya Grant. Zwecker hakuwamo msafarani, na wino mweusi hauna wekundu. Majira yote ya mwaka yakawa kivuli kimoja, na wapagazi wakabaki watu wasio na msimu wala shamba.

Nakala za rangi za Grant zingefaa kutundikwa Kwihara, karibu na Tabora, kwenye makumbusho ya tembe la Livingstone. Warina asali wa Ntalikwa waitwe wazitazame kwanza, kabla maelezo ya ukutani hayajaandikwa.