Mume wa binti yetu akikamatwa kwa tuhuma za uhamiaji: haki zake na wajibu wa jamaa

SUALI: Binti yetu ameolewa Muleba, Kagera. Mumewe amezaliwa huko huko, lakini babu yake alitoka Rwanda. Kila wakisikia msako wanaingiwa na hofu. Akikamatwa tufanye nini, na je, dini inaturuhusu kumtetea?

JAWABU: Alhamdulillah.

Hofu hiyo ina sababu. Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Walioondoka na walioondoshwa ni maelfu, wakiwamo waliokaa nchini miaka mingi na kuoana na Watanzania. Ndoa nyingine zikabaki mume upande huu wa mpaka, mke upande ule.

Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, na mgeni analazimika kufuata masharti ya kibali chake. Hilo halina ubishi. Lakini tuhuma si hukumu. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma, na katika riwaya ya Tirmidhi, kisha akamwachia. Imam Malik katika Muwatta amenakili msimamo wa Sayyidna Umar (r.a.) kuwa katika Uislamu mtu hazuiliwi bila ya mashahidi waadilifu. Kwa hiyo kumtetea kwa ukweli kunajuzu, na kwa anayeujua ukweli huo ni wajibu.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, si mahakamani tu bali hata mbele ya chombo chengine kinachoamua haki zake. Inasema mtu, haisemi raia. Aliyekamatwa aelezwe sababu, aruhusiwe kuwasiliana na wakili au jamaa, na kwa kawaida afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. (Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya mwenendo wa jinai, Muleba inatumika ya Bara.) Akizuiliwa bila kufikishwa, jamaa wanaweza kuomba Mahakama Kuu, Kanda ya Bukoba, iamuru aletwe. Asiyemudu wakili aulizie msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017.

Jambo kubwa ni karatasi. Katika kesi ya Anudo Ochieng Anudo, aliyenyang'anywa pasipoti na kufukuzwa nchini 2014, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua 2018 kwamba serikali ikikana uraia wa mtu iliyempa hati zake, serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Mlango wa mtu binafsi kwenda mahakama hiyo Tanzania imeufunga tangu hapo, ila hoja yake wakili bado anaweza kuitumia.

Basi kusanyeni sasa, kabla ya msako: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule na cha ndoa, na majina ya wazee wanaomjua tangu utotoni. Wazee hao wasikatae kuitwa. Kuficha ushahidi kumekatazwa katika Baqara, aya ya 283. Wala wasiongeze uongo. Yeye asitie saini asichokisoma, na wala msitoe rushwa: ni haramu, na aliyepokea leo atarudi kesho.

Wajukuu wenu wasiwatie hofu. Mtoto aliyezaliwa nchini na mama Mtanzania ni Mtanzania, hata baba yake akionekana mgeni. Mume yeye hapati uraia kwa kuoa tu. Ikithibitika si raia, njia yake ni kuomba tajinisi au kibali cha ukaazi.

Wallahu aalam.