Parachuti: Zima machoni, limechoka hewani

Usione vyaelea, vyaundwa. Wahenga walisema hivyo kuhusu vyombo vya majini, lakini msemo huo unamfaa pia mtu anayeshuka kutoka angani akining'inia kwenye parachuti.

Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza: "Mwalimu, parachuti likitumika mara nyingi bila kuchanika, linaharibika nini?" Swali hilo lilinikumbusha turubai lililoezekwa juu ya darasa letu nilipokuwa nikisoma ukimbizini Tanzania, miaka ya 1990. Lilipokuwa jipya halikupitisha hata tone. Baada ya misimu kadhaa ya jua na upepo, hatukuona tundu lolote, ila mvua ilitulowesha madaftari.

Parachuti nalo lina siri ya aina hiyo. Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nailoni imechukua nafasi ya hariri. Wataalamu hupima hewa inayopenya kwa futi za ujazo kwa dakika katika kila futi ya mraba ya kitambaa, chini ya mgandamizo mdogo, sawa na nusu inchi ya maji. Parachuti la duara la askari hutengenezwa makusudi lipitishe hewa, takriban futi 80 hadi 120, ili lisiyumbe ovyo. Lile la mstatili, linaloelea kama bawa, lazima liizuie hewa. Kitambaa chake cha kawaida kikiwa kipya hupitisha futi 0 hadi 3 tu.

Ubanaji huo hupatikana kwa kukipitisha kitambaa kati ya roli zenye joto, nyuzi zikalala bapa na kuziba mianya. Lakini kila linapofunguka kwa kishindo, likaburuzwa mchangani, likakandamizwa na kukunjwa tena, nyuzi husogea na mianya hufunguka. Jua nalo huidhoofisha nailoni. Mrukaji hugundua akikaribia ardhi: anavuta kamba za kuongozea, parachuti halipunguzi mwendo ipasavyo, anatua vibaya. Ndiyo maana miaka ya 1980 viwanda vilianza kupaka kitambaa silikoni, ambayo huziba mianya kwa muda mrefu zaidi.

Basi, ndugu msomaji, anayenunua parachuti la mtumba asitosheke na macho. Aulize limerukiwa mara ngapi, kisha fundi mwenye kifaa alipime upitishaji wake wa hewa. Turubai letu lilipochoka, tulipoteza madaftari. Parachuti likichoka, kinachopotea si daftari.