Vuka Feri, Uujue Mji Wako

Nimekulia Likoni. Feri nimevuka mara zisizohesabika: kwenda shule, kusaka kibarua, kumpeleka nyanya hospitali. Lakini kuingia Mji wa Kale? Zii. Kwa akili yangu, huko ni kwa watalii.

Jumamosi nikavuka na beshte yangu. Anayevuka kwa miguu halipi, kwa hivyo nauli ilikuwa ya matatu tu, kisha tukatembea hadi Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani wakaizingira kuanzia 1696, wakaiteka 1698. Waingereza nao wakaigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Hiyo ya jela ilinishtua. Kumbe kuna wazee wetu walioingia humu na pingu, sio na simu ya kupiga selfi.

Tukapotelea kwenye vichochoro vya Ndia Kuu, macho juu kwa milango ya nakshi na roshani za mbao. Muuza kahawa akatuuliza, "Wanangu, mwatoka wapi?"

"Likoni."

Akacheka. "Wazungu wavuka bahari nzima waje hapa. Nyinyi kivuko kimoja chawashinda?"

Akatuonyesha ghorofa ya simiti. Alisema hapo palikuwa na nyumba ya zamani, na mlango wake hajui ulikoishia.

Kahawa ikanikwama kooni. Vitu vinaondoka na sisi tupo ng'ambo tu.

Mwezi ujao nampeleka nyanya. Nilimuuliza jioni: yeye pia hajawahi kuingia.