Kijiji Kinapogeuka Mji, Msikiti Usikose Ardhi



Msafiri atokaye Mwanza kwa barabara ya Musoma, akishapita Nyakato na Igoma, hufika Kisesa baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 20. Zamani hapa palikuwa shamba: mihogo, viazi na pamba, mawe makubwa yaliyopandana, na kaya zilizozungushiwa minyaa. Leo msafiri huyo haoni mahali jiji linapokoma. Maduka ya saruji na nondo yamejipanga kando ya lami, mapagale yamepanda hadi kwenye vilima vya Bujora, na alfajiri daladala hujaa watu waendao mjini kutafuta riziki. Kiutawala tumo katika Wilaya ya Magu, lakini kimaisha tumekwisha kuwa kitongoji cha jiji.

Sababu zake si za kutafuta mbali. Wajerumani walipoanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, walikiweka kati ya ziwa na majabali. Reli ilipofika mwaka 1928 mji ukakua, na nafasi ikabaki ile ile. Katika sensa ya 2012, wilaya za Nyamagana na Ilemela zilikuwa na watu zaidi ya 700,000. Katika sensa ya 2022 walizidi 1,100,000. Vilima vya Mabatini na Isamilo vimejaa nyumba zilizoning'inia kati ya mawe. Anayetaka kiwanja cha kujengea wanawe hana budi kutoka nje: Buhongwa, Nyamhongolo, au huku kwetu, ambako barabara ya Kisesa hadi Usagara nayo imefungua mashamba mengi yaliyokuwa ndani.

Sisi wa kamati ya msikiti tumeutazama ukuaji huu kwa furaha na kwa hofu. Furaha ni kwamba safu za Ijumaa zinaongezeka. Hofu ni kwamba kila mmoja hununua cha kwake, na hakuna anayenunua cha wote. Shamba hukatwa viwanja, viwanja vikauzwa mpaka cha mwisho, ndipo watu wakakumbuka kuwa hakuna msikiti, hakuna madrasa, wala mahali pa kuzika. Wenyeji wa hapa walizoea kuwazika wafu wao kwenye eneo la kaya. Lakini mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 atamzika wapi mzazi wake?

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, jambo la mwanzo alilolishughulikia ni mahali pa msikiti. Eneo lililopatikana lilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kulitoa bure, naye hakukubali mpaka walipwe thamani yake. Basi tuna mafunzo mawili: ardhi ya msikiti hutafutwa mapema, na hupatikana kwa njia iliyo safi.

Hili la pili ndilo linalotusumbua. Familia moja miongoni mwetu ilinunua kiwanja kwa kijana mkubwa wa marehemu. Nyumba ilipofika kwenye renta, dada zake wakaja kutoka Sengerema kudai haki yao, kwani mirathi ilikuwa haijagawanywa. Wazee walikaa Ijumaa tatu mfululizo, na mnunuzi akalazimika kulipa tena fungu la mabinti. Hakuwa mwizi wala mjinga. Aliridhika na kauli ya mtu mmoja juu ya mali ya watu wengi.

Kwa sababu hiyo, mzee mmoja alipotuahidi kipande cha shamba lake kiwe wakfu, tulimwomba yaandikwe maandishi. Baadhi ya waumini waliona tumemvunjia heshima. Naye mwenyewe akatuuliza, "Wanangu, neno langu halitoshi?" Tukamjibu, "Mzee wetu, kwetu sisi linatosha. Hatujui kama litawatosha wajukuu." Akanyamaza kitambo, kisha akawaita wake zake na watoto wake wote, wa kiume na wa kike. Tukauzunguka mpaka pamoja, mkonge kwa mkonge, kila mmoja akashuhudia. Kumwandikisha mzee ni kumlindia sadaka yake.

Wala hili si jambo geni katika dini. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha mauziano. Sheria za nchi nazo zinaelekea huko huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeukabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake.

Tukumbuke pia kwamba kitongoji ni majirani. Bujora inajulikana kwa parokia yake ya Kikatoliki na kwa Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, na majirani zetu wengi si Waislamu. Hali hii ni neema. Huko India, katika kitongoji cha Mumbra karibu na Mumbai, Waislamu wengi walikimbilia kukaa pamoja baada ya ghasia za 1992 na 1993, kwa kuwa hawakujiona salama walikokuwa. Sisi hakuna aliyetufukuza popote. Tumekuja kutafuta kiwanja kama jirani alivyokuja. Suratun Nisaa, aya ya 36, imetuusia jirani wa karibu na wa mbali. Basi maji ya mvua ya paa lako yasibomoe ukuta wake, wala uzio wako usimfungie njia.

Kwa hiyo tunazishauri familia mambo manne. Kwanza, kabla ya kununua, waulizeni warithi wote na majirani wa pande zote, kisha mfike kwenye ofisi ya kijiji. Pili, wanaonunua shamba kwa pamoja walikate fungu la msikiti na makaburi kabla ya kugawana viwanja. Tatu, ardhi ya wakfu iandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, si kwa jina la imamu wala la katibu, kwani hao hufa na huhama. Nne, mume amwoneshe mkewe na wanawe hati zote, wajue mipaka ilipo.

Mashamba yaliyobaki kati ya Kisesa na vilima vya Bujora yanahesabika. Tuwahi leo, kwa haki na kwa maandishi, watoto wetu wapate pa kuswalia na sisi tupate pa kuzikwa.

Wabillahi tawfiq.